Matega Mlangoni pa Boila

12 Machi

Leo nimekabidhiwa moto. Mzee Wahome, fundi mkuu wa kiwanda, alinionyesha mlango wa boila kwa kidole akasema, "Haya Wakiuru, moto ndio huo. Ni yako mpaka mwisho wa Mei. Ukiweza, unakaa. Ukishindwa, unarudi kwa meza ya kuchambua chai, na sitaleta mwanamke mwingine hapa. Hiyo mlango nitafunga kabisa." Kisha akapangusa mikono na kitambaa, akaondoka kama mtu aliyemwachia jirani mtoto.

Kazi hii niliisomea mjini Nyeri nikapata cheti, kisha kiwanda kikanipa ufagio. Baada ya ufagio, meza ya kuchambua. Nimeomba boila hadi wakachoka kunikatalia. Sasa niko ndani, na nje masika yanakaribia.

Sijui kama wenzangu huisikia sauti yake. Boila haingurumi tu. Ukikaa nayo bila kusema, ni kama watu wanaozungumza chumba cha pili, na wewe umelala nusu, unasikia sauti na husikii maneno. Leo nilisimama pale nikisikiliza hadi nikasahau chakula cha mchana.

13 Machi

Mlima umeonekana asubuhi, kilele chote. Nimefurahi bila sababu.

17 Machi

Nimekula kantini na Nadhira. Yeye ndiye karani wa mizani: huzunguka na lori kwenye vituo, akiwapimia wakulima majani yao. Kwao ni Majengo, mtaa wa mjini, na kila mara hunicheka Kiswahili changu cha Mweiga. Leo hakula, amefunga, lakini alikaa nami hadi nikamaliza, akinitazama nikila githeri, mahindi na maharagwe.

"Kula, kula, nakula na macho," akasema. "Hao wanaume wa boila wanakuonaje?"

"Hawanioni."

"Basi ni vizuri. Asiyekuona hawezi kukuzuia njia."

Mama Mutahi, msimamizi wa chumba cha kuchambua, akapita na kikombe chake. Nilifanya kazi chini yake karibu miaka miwili na sikumbuki kumwona akicheka. Alinishika mkono, akaugeuza kama anayekagua viazi sokoni. "Hii mikono ulikuwa unapaka mafuta ya nini, kama ulitaka kwenda kwa moto?" Akauachilia, akaenda. Nilikasirika hadi chai ikapoa. Ningetegemea maneno hayo kutoka kwa Mugo wa boila, si kwa mwanamke.

22 Machi

Mvua imeanza. Mlima umefichwa.

24 Machi

Nimfafanue huyu Mugo. Yeye ana zamu ya usiku, mimi ya mchana. Asubuhi hunipokeza, jioni nampokeza. Desturi ya boila ni kwamba anayetoka humwachia anayeingia moto uliosimama vizuri, maji ya kutosha, na kuni kavu karibu na mlango. Mimi kila jioni nampangia kuni kavu za mkaratusi, nazifunika turubai. Yeye leo ameniachia kuni mbichi, zinatoa maji pembeni, na kavu zote zimekwisha.

Nimemuuliza. Akajibu akivaa koti, "Kuni ni kuni, madam. Hii kazi ni ya mtu wa kubeba. Si ni wewe uliitaka?"

Nilitamani kumrushia koleo. Badala yake nikamuuliza kama amekunywa chai. Alishtuka kuliko kama ningemrushia.

31 Machi

Idd. Nadhira hakuja, lakini mchana amemtuma kaka yake hadi getini na sahani ya pilau iliyofungwa kwa kitambaa cha maua. Nimeila nikiwa nimeegemea ukuta wa boila, mvua ikipiga mabati. Kwa muda mfupi sikujua niko wapi. Nilidhani ni jikoni kwetu na mama yuko nje anakama.

2 Aprili

Kuni mbichi tena.

3 Aprili

Tena. Nimeanza kuzipanga mbichi nyuma ya boila, pale ukuta unapopata joto. Baada ya siku kadhaa huwa zimekauka kiasi. Lakini mvua ni nyingi, na moto hula haraka kuliko ukuta unavyokausha.

Mume wangu, Peterson, amepiga simu kutoka Wang'uru, anafanya kazi kwa mashine ya kukoboa mchele. "Si uje huku tu," akasema. "Huku kuna jua. Kuna kazi ya kupakia mchele, umekaa." Ananipenda, najua. Lakini anadhani nimechoka na kazi, na mimi nimechoka na watu.

8 Aprili

Leo ni siku ambayo siiandiki mahali popote, basi niiandike hapa mara moja.

Miaka miwili iliyopita, mwezi kama huu, nilimpoteza mtoto akiwa amebaki kidogo tu kuzaliwa. Msichana. Wakati huo nilikuwa bado na ufagio. Kwetu mwanamke akijifungua, wanawake wa jirani humletea matega: kila mmoja huja na mzigo wa kuni kavu mgongoni, na uji, na viazi vitamu, ili mzazi asitoke nje kutafuta moto. Wakikaribia nyumba hupiga vigelegele, vitatu kwa msichana, vitano kwa mvulana. Mimi nilikuwa nimesikia kwamba wamekwisha kujipanga, wa jirani na wa kiwandani, kila mtu amefunga mzigo wake. Kisha nikarudi kutoka hospitali bila mtoto, na hakuna aliyekuja. Hawakukosea. Nyumba isiyo na mtoto haipelekewi matega, ingekuwa kumkumbusha mtu. Lakini wiki ile nilipika kwa kuni nilizonunua, na kila nilipowasha nilisikiliza njia.

Usingizini namwona, amekwisha kuwa wa kutembea. Hasemi. Anashika ukingo wa sketi yangu tunapanda pamoja ndani ya ukungu, na mimi namwambia mlima uko hapo tu, mbele kidogo, ngoja utauona.

15 Aprili

Imetokea.

Asubuhi nilikuta moto umelala na kuni zote mbele yangu zimelowa kama zimetolewa mtoni. Zile za nyuma ya ukuta nilikuwa nimezimaliza jana. Nikatia, ukafuka moshi tu. Mshale wa geji ya mvuke ukaanza kushuka, nami nachochea, natia, nachochea, macho yanatoka machozi ya moshi na mengine yasiyo ya moshi. Chai ilikuwa imekwisha kuingia kwenye mashine ya kukausha. Mvuke ukipungua, mashine inapoa, na chai inatoka laini, inanuka uchachu. Wakaizima mashine, wamechelewa.

Meneja alichota konzi moja, akanusa, akairudisha. Aliyeongea ni Mzee Wahome.

"Hiyo ni moja," akasema. "Ingine kama hiyo, mimi na wewe tumemalizana."

"Mzee, kuni nilizoachiwa ni mbichi. Kila siku ni mbichi."

"Mambo ya zamu mtaelewana na Mugo. Boila haiulizi nani alikosea nani."

Nilitoka nje nikasimama mvuani. Majani ya wakulima yalikuwa yametandazwa juu kwenye vitanda vya kunyaushia, na harufu yake ilishuka hadi uani, ile harufu tamu ya majani yanayosinzia. Nikawaza: hayo yote ni ya wanawake walioinama tangu alfajiri, na leo nimewaharibia. Niliona aibu kuliko hasira.

16 Aprili

Nadhira amesikia. Hakunipa pole. Alifika boila kabla ya lori lake kuondoka, akajifunga leso kiunoni juu ya koti, akaanza kubeba kuni mbichi kuzipeleka nyuma ya ukuta.

"Utachafuka," nikamwambia.

"Nitaoga. Panga wewe, mimi naleta."

Wasichana wawili wa meza ya kuchambua walituona, nao wakaja. Kabla ya king'ora cha kazi tulikuwa tumejaza ukuta mzima.

22 Aprili

Pasaka imepita. Kila asubuhi wasichana wanakuja, kila mmoja anabeba gogo lake, halafu wanaenda zao wakipangusa mikono. Moto unasimama. Mugo anaangalia, anatoa kicheko cha puani.

24 Aprili

Mama Mutahi amewakataza. Alisimama mlangoni pa boila na mwavuli wake akawaambia, "Nyinyi mnalipwa kuchambua. Hiyo mikono mnaniletea iko na magome na utomvu, mnagusa nayo chai ya watu. Nani anataka kununua chai ya magome?" Wakaondoka wameinamisha vichwa. Kwangu alitupa jicho moja tu.

Nilimchukia kwa dhati. Kinachouma ni kwamba anasema kweli kuhusu chai.

28 Aprili

Ukungu haujainuka tangu juzi. Mtu akitembea uani unaona kofia, kisha mabega, kisha anatoweka. Nimeanza kusahau kama kweli kuna mlima.

Nadhira bado anakuja. Yeye hana chai ya kugusa, ana mizani.

5 Mei

Naota hata nikiwa macho. Leo niliisikia boila ikisema kitu, nikajibu, "Naam?" Mzee Wahome alikuwa nyuma yangu. Akanitazama, akasema, "Hata mimi hunisemesha." Akaenda zake. Sikulitegemea hilo kutoka kwa mzee yule.

9 Mei

Nimeoga mara mbili na bado nanuka moshi. Niandike polepole, nisiache kitu.

Jana mvua ilibomoa barabara pale chini ya daraja. Lori la kuni limekwama ng'ambo, na malori ya majani hayawezi kushuka wala kupanda. Lakini majani ya jana yalikuwa yamekwisha kufika, na huu ndio wakati wa majani mengi kuliko mwaka mzima. Vitanda vyote vya kunyaushia vimejaa. Yasipokaushwa leo yanaoza, na wakulima hawapati kitu.

Nilipoingia asubuhi, Mugo alikuwa amekaa kwenye ndoo. "Kavu imeisha," akasema. "Si mimi leo. Haki ya Mungu nilichoma yenye ilikuwa, na imeisha." Nilimwamini, uso wake ulikuwa wa mtu anayeogopa. Nyuma ya ukuta nilikuwa na kuni chache zilizokauka nusu. Nje kuna rundo kubwa kama nyumba, na lote ni maji.

Mzee Wahome akaja. "Mvuke itafika?"

"Na mbichi peke yake, hapana. Nikipata kavu ya kuuamsha moto, nitaichanganya na mbichi na itafika."

"Kavu itatoka wapi na barabara imekatika?" Akavua kofia. "Wakiuru, kama haifiki leo, mimi sina la kukusaidia. Meneja atasema tu ni boila ya mwanamke. Nakuambia mapema, usiseme sikukuambia."

Nilitia zile nusu kavu. Mshale ukapanda kidogo, ukasimama, ukaanza kurudi.

Hapo ndipo Mama Mutahi akaingia. Chai haikuwa inafika mezani kwake, akaja kuona kwa nini. Nadhira alikuwa nyuma yake, lori halina pa kwenda. Mama Mutahi akauinamia mlango wa moto, akatazama, akatoka nje akatazama rundo, akarudi.

"Kuni kavu iko wapi?"

"Hakuna, Mama Mutahi."

"Hakuna aje? Kila jikoni iko kuni kavu."

Na ni kweli, na hakuna hata mmoja wetu wa boila aliyekuwa amefikiria. Jikoni kwetu kuna itara, ile dari ya fito juu ya moto, ambapo mama huhifadhi kuni ili moshi uzikaushe. Mvua ikinyesha hadi nyasi zioze, itara haikosi kuni.

Akamgeukia Nadhira. "Wewe uko na namba za wamama wa vituo vyote. Piga."

"Niwaambie nini?"

"Waambie ni matega. Wakiuru ako na moto na hana kuni."

Nadhira hakulijua neno. Akalishika hivyo hivyo, akaanza kupiga simu akitembea uani na leso kichwani, nami nikasikia kila mara: ni matega, mama, ni matega ya Wakiuru wa boila. Mimi nilisimama na koleo mkononi.

Kwa muda hapakuja mtu. Niliukalia moto kama unavyomkalia mgonjwa, nikiupa kidogo kidogo. Kisha Mugo, aliyekuwa mlangoni na hakwenda nyumbani, akasema, "Kuja uone."

Kwenye njia ya mashamba, ndani ya ukungu, kulikuwa na mizigo inayopanda. Hukuona watu kwanza, uliona mizigo, mmoja nyuma ya mwingine, imefunikwa magunia na nailoni, na chini yake wanawake wameinama na ukanda wa ngozi kwenye paji la uso. Wengine nawajua, wengine sijawahi kuwaona. Hawakuwa wanaharakisha. Nilifikiri nimelala, kwa sababu ndivyo nilivyokuwa nimewaona wakija mara nyingi, miaka miwili, kila nilipofumba macho.

Mugo alitoka mbio mvuani. Alikuwa amemtambua mmoja, mama yake, mwanamke mzee mfupi ambaye mzigo ulimfunika wote. Akashika kuni amtue.

"Wacha," mama yake akasema, bila kusimama.

"Mami, ni nzito. Nipe nibebe."

"Si yako. Ni ya Wakiuru. Niambie Wakiuru ni nani."

Mugo akaninyooshea kidole. Yule mama akaja hadi mlangoni, akauteremsha mzigo miguuni pangu, akanisalimia kwa mikono miwili, akasogea kando kupisha anayefuata. Na wanaofuata walikuwa wengi. Nilianza kutia. Kavu chini, mbichi juu, kavu tena. Mugo akachukua toroli bila kuambiwa, akawa ananisogezea. Mzee Wahome alikuwa amesimama mbele ya geji na kofia mkononi kama yuko kanisani. Mshale ukaamka.

Wa mwisho alikuwa Mama Mutahi mwenyewe. Nyumba yake iko hapo chini ya kiwanda. Mzigo wake ulikuwa mdogo, mweusi wa masizi, umefungwa kwa kamba ya zamani iliyokauka hadi ikawa kama waya.

"Hii ni yako," akasema. "Nilikufungia ile mwaka."

Sikuelewa. Kisha nikaelewa.

"Umekaa nayo?"

"Ningefanya nini nayo? Ilikuwa imefungwa na jina yako. Nyumba yangu ilikosa kuni mara mingi, na hiyo hatukugusa." Akatazama pembeni. "Singejua kukuletea na huna mtoto. Ningekuambia nini mlangoni? Halafu ukaja kwa meza yangu, kila siku nakuona, na sijui niseme nini. Nikakuwa mkali. Hiyo najua."

Nilitaka kuiweka, niipeleke nyumbani, nisiichome kamwe. Aliniona nikiikumbatia.

"Hapana. Tia. Matega ni ya kuchomwa."

Nikakata kamba. Zilishika mara tu, bila moshi hata kidogo, miaka miwili ya moshi ilikuwa imekwisha kuzitoka. Sauti ya boila ikabadilika, ikawa ile ya watu wa chumba cha pili, lakini karibu zaidi. Huko juu mashine ya kukausha ikaanza kuzunguka, na Mzee Wahome akasema neno moja tu, "Imefika."

Ndipo Mama Mutahi akatoka mlangoni, akawaelekea wale wanawake waliolowa, akapiga kigelegele. Wakamwitikia. Akapiga cha pili, wakaitikia. Akapiga cha tatu, na wote wakaitikia hadi mabati yakavuma, kisha wakanyamaza.

Nilingojea. Hawakupiga cha nne.

Nililia mbele ya moto, mbele ya Mugo na fundi mkuu na kila mtu, na sikuona haya.

10 Mei

Nimelala bila ndoto.

14 Mei

Barabara imefunguliwa. Asubuhi nimekuta moto umesimama, na karibu na mlango kuni kavu zimepangwa, zimefunikwa turubai. Mugo alikuwa akivaa koti. Nimemuuliza tu kama amekunywa chai.

18 Mei

Mama Mutahi leo amewakemea wasichana kantini kwa sababu ya kucha ndefu. Hajabadilika. Nimejikuta nikitabasamu ndani ya kikombe.

25 Mei

Peterson amekuja na mchele wa pishori. Alipanda nami hadi kiwandani, akasimama karibu na boila. Nilidhani atasema tena habari ya Wang'uru. Akasema, "Ni kama watu wanaongea." Nikamshika mkono.

31 Mei

Mzee Wahome amenijia mchana. "Meneja amekubali. Moto ni yako, si ya majaribio." Akageuka aende, akarudi. "Na ile mlango nilisema nitafunga, sifungi."

6 Juni

Masika yamekwisha, sasa ni baridi kavu na ukungu mwembamba. Mlima umeonekana kidogo, ukafichwa tena. Sikusimama kuungoja, nilikuwa na kazi.

Nimechagua kuni kavu kabisa, nimezifunga kwa kamba mpya, mzigo mmoja wa matega, nikaziweka nyuma ya boila ambapo ukuta una joto. Jioni Mugo alipoingia zamu aliziona.

"Hizo ni za nani? Nitumie?"

"Hizo usiguse. Ziko na mwenyewe."

"Nani?"

"Simjui," nikamwambia. "Hajafika bado."